Dhahabu ya Kwenye Lubugo la Baba Yako

Kemilembe mwanangu,

Najua ukiona karatasi nyingi hivi utacheka useme, "Baba mdogo ameanza." Ndiyo, nimeanza. Mambo ya kufunga sanduku, ya kuficha nauli, ya kutokula vya watu usiowajua melini, yote shangazi yako Adelina amekwisha kukuambia, na nina hakika kesho atayarudia mpaka honi ya meli imshinde sauti. Mimi sitaongeza hata moja. Sanduku lako silijui, na hicho chuo cha madini huko Dodoma sijawahi kukiona, ingawa kwa uzoefu wangu walipaswa kuniita mimi nikafundishe.

Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi tukimenya ndizi. Uliuliza ukiwa umeinama, kisu kinaendelea: "Baba mdogo, ni kweli dhahabu iliyo kaburini mwa baba ingetosha kunisomesha?" Nikajibu kwa mzaha, nikasema ingetosha kusomesha wilaya nzima na chenji tukanunulia mbuzi. Ukacheka kidogo. Halafu ukauliza la pili. Ulisema shangazi anataka kaburi lifukuliwe kabla hujaondoka, ili usiende chuoni mikono mitupu, je, mimi nasemaje? Hapo nikakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wa jirani wameingia kibanjani, nikatoka mbio. Jirani yetu hana ng'ombe, unajua.

Basi jibu ni hili. Ni refu kwa sababu linapita njia ndefu, tena mbovu, ya Muleba mpaka mapori ya Biharamulo.

Kwanza jambo ambalo walimu wako watalisema muhula mzima na mimi nalimaliza hapa. Huku kwetu Bukoba mawe ni ya mchanga, yamelala bapa, moja juu ya jingine kama magodoro dukani. Humo hamna dhahabu, hata uchimbe mpaka maji ya ziwa yakufuate shimoni. Lakini ukienda kusini, ukaipita Muleba, ukaendelea mpaka migomba inakwisha na mbung'o wanaanza, mawe yanabadilika tabia. Yanakuwa ya kijani iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, na hayakulala tena, yamesimama wima kama watu wanaogombana. Katikati yao unapita mkanda wa jiwe jeupe kama jino. Dhahabu inakaa humo. Wanasema jiwe hilo liliingia kwenye nyufa zamani sana likiwa maji ya moto, kisha likaganda. Mimi naongeza kwamba nilipoligusa lilikuwa bado na uvuguvugu. Hilo usiliandike kwenye mtihani.

Wazungu walichimba huko kabla sijazaliwa. Wakaondoka, wakaacha mashimo, malundo ya mawe meupe ambayo hawakuyamaliza, na mashine. Mimi ndiye niliyeigundua mashine hiyo. Baada ya vita vya Amini nilikuwa utingo wa lori la Magesa, yule mchuuzi wa samaki wa visiwani Muleba, mtu mfupi mwenye mabega ya kuvuta nyavu. Tulikuwa tunapeleka samaki wakavu Biharamulo. Siku moja lori likachemsha, Magesa akawa anafunua boneti, mimi nikaingia kichakani kwa haja zangu. Nikajikuta nimechuchumaa mbele ya chuma kirefu kuliko nyumba. Hata haja yenyewe ilirudi.

Lakini sikuanza na mashine, nilianza na ujinga. Karibu na pale niliokota mawe yanayometameta, manjano kabisa. Nikajaza gunia, sikumwambia Magesa, nikamficha na kaka yangu, baba yako. Nikalibeba mpaka kwa sonara mmoja mjini. Akashika jiwe moja, akanitazama.

"Umeokota wapi?"

"Siri ya serikali," nikasema.

Akachukua nyundo ndogo, akagonga. Likasambaratika. "Nusa."

Nikanusa. Harufu ya kiberiti.

"Dhahabu ukiigonga inabonyea tu, inanyamaza," akasema. "Hili linapasuka na linanuka. Lakini gunia lako zuri. Gunia nitanunua."

Nikamwuzia gunia. Wakati ule gunia lilikuwa mali kweli, maana maduka yalikuwa hayana kitu. Sabuni hamna, sukari hamna, nguo hamna. Kumbuka hilo la nguo, ndilo lililotufikisha hapa.

Nilirudi kwa Magesa na adabu mpya, nikamweleza habari za mashine. Akaizunguka, akaigonga kwa spana, akasema, "Deo, hii ni kinu." Na kweli, mwanangu, ni kinu. Fikiria kinu cha kutwangia, ila michi ni mitano, ya chuma, kila mmoja mzito kuliko padre mnene. Juu kuna shafti yenye vidole. Shafti ikizunguka, kila kidole kinanyanyua mchi wake kisha kinauachia, du! Mawe yamo chini, ndani ya sanduku la chuma, pamoja na maji. Yanapondwa mpaka yanakuwa uji, uji unatoka kwenye chekeche, unateremka juu ya meza ya mbao iliyoinama. Juu ya meza unatandika blanketi. Mchanga ni mwepesi, unakwenda na maji. Dhahabu ni nzito, inazama kwenye manyoya ya blanketi na kukaa. Jioni unalisuuza blanketi kwenye beseni. Na likichakaa kabisa unalichoma, unasafisha majivu, kwa sababu kuna dhahabu yenye kiburi ambayo haikubali kutoka kwa maji.

Tuliifufua mashine ile. Nasema tuliifufua kwa sababu ilikuwa maiti. Mti ulikuwa umeota katikati ya michi, nyuki wamepanga chumba kwenye gurudumu kubwa, na kutu imeshika kila kitu kama deni. Injini yake ya zamani ilikwisha kuibwa. Magesa akalirudisha lori kinyumenyume, tukaliinua nyuma kwa jeki, tukaliweka juu ya magogo, tairi moja tukalivua ili mkanda upite kwenye ringi yake na kuizungusha shafti. Grisi hatukuwa nayo, lakini mafuta ya sangara yalikuwepo, kwani ndiyo miaka sangara walipojaa ziwani mpaka wanawake wakawa hawajui wawapikeje. Tukaimiminia mashine sangara. Ikanuka kama mwalo mzima wa wavuvi, lakini ikalegea.

Mkanda ndipo nilipotumia akili yangu ya uinjinia. Mkanda wa mpira usingepatikana hata kwa sala, nikasema tuchune ngozi ya fahali, tuishone ndefu, na ili isikauke tuipake mafuta ya sangara kwa ukarimu. Magesa akaniuliza mara mbili, "Una hakika?" Nikamjibu kwamba mimi nimesoma mpaka darasa la nne na yeye ameishia la pili. Asubuhi tukakuta vipande viwili, kila kimoja kama kiganja, na nyayo za fisi kuzunguka mashine nzima. Walikula mkanda, wakalamba na shafti. Ilikuwa inang'aa, sijawahi kuona shafti safi namna ile. Magesa hakunitukana. Alisema tu, "Afadhali wangekuwa wamesoma, wangetuachia nusu." Wa pili tuliupaka pilipili na oili chafu, fisi wakaja, wakapiga chafya, wakaenda zao. Mimi nilizisikia chafya hizo kwa masikio yangu.

Siku ya kuwasha, hatukumpa mtu taarifa. Hilo nalo lilikuwa kosa. Magesa akatia gia, ringi ikazunguka, mkanda ukavuta, na michi ile mitano ikaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Kilima kizima kikatetemeka. Nikapiga kelele za furaha, nikageuka kutazama kijiji cha chini, nikaona magodoro yanatembea. Watu walikuwa wanakimbia. Vita vimekwisha juzi, masikio bado yana mizinga, na sisi tunapiga du-du-du-du-du kutoka mlimani! Mama mmoja alikimbia na mlango. Mwenyekiti wa kijiji alitukuta baadaye, amejaa matope mpaka kwenye nyusi.

"Amini yuko wapi?"

"Hakuna Amini, mwenyekiti. Ni mashine."

"Mashine ya nani?"

"Ya kusaga."

"Inasaga nini?"

"Mawe."

Akakaa chini. "Vijana, nimejificha kwenye shimo la choo. Jipya, namshukuru Mungu, lakini la choo. Kwa sababu mnasaga mawe?"

Tukampa samaki. Akatuachia kibali cha mdomo, kwa sharti kwamba kila tukitaka kuwasha tupulize filimbi kwanza.

Sasa blanketi. Tulitafuta blanketi Muleba, tukatafuta Bukoba, Kagondo, Miembeni, kila mahali. Blanketi zilikuwa za kwenye vitanda vya watu, na walikuwa wamezilalia. Ndipo nikaja hapa Kanazi kwa baba yako.

Watu wamekuambia baba yako alikuwa mkulima wa kahawa. Kahawa alikuwa nayo, kila mtu anayo. Kazi yake hasa ilikuwa lubugo. Alikuwa anabandua gome la mti, analipiga kwa nyundo ya mti yenye mistari, siku nzima, mpaka gome linakuwa pana na laini, linakunjika kama kitenge. Zamani wakubwa walivaa. Wakati wake lilikuwa limebaki la kuzikia. Hata kwa sisi wa misa ya kwanza, sanduku ni la kanisa, lakini ndani wazee walitaka lubugo. Nilimkuta bandani pale nyuma ya migomba, anapiga.

"Kaka Projesti, naomba lubugo moja kubwa."

"Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Nataka kutandika kwenye mashine, linase dhahabu."

Nyundo ikasimama. "Nguo ya marehemu ukaitandikie matope?"

"Si matope, kaka. Ni mali."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani ambacho wewe umekirithi. "Mimi napiga gome, wewe unapiga jiwe," akasema. "Haya, chukua. Tuone nani kati yetu atakayevaa."

Akanipa kubwa kuliko yote, tena akalipiga upya kwa nyundo ya mistari minene niliyomwonyesha. Mistari ile, mwanangu, ilikuwa dawa. Kila mstari ulikuwa kama tuta dogo, dhahabu ikipita inajikwaa. Mimi nasema lilishinda blanketi la Mzungu yeyote, na hapa sizidishi chumvi. Jioni tukilisuuza tulikuwa tunaona vumbi la manjano chini ya beseni, kidogo, kama unga unaobaki kwenye kidole. Kidogo hicho tulikuwa tunauza, tunanunua mafuta ya lori, tunaponda tena ili tupate mafuta ya lori. Magesa alisema hiyo ndiyo biashara pekee aliyowahi kuiona inayojilisha yenyewe na kuwasahau wenyewe.

Kisha ugonjwa ukaingia. Unajua jinsi watu walivyouita Juliana, kama kile kitambaa cha magendo, kwa sababu hawakutaka kuutaja. Baba yako alifanya kazi wakati huo kuliko mtu yeyote Kanazi. Walikuwa wanakuja kuchukua lubugo kabla hajamaliza la waliotangulia. Alipiga mpaka mikono ikapungua, na sisi tukadhani ni kazi. Halafu akapungua mwili wote. Mimi, na elimu yangu ya darasa la nne, nikasema amerogwa na wivu wa watu, nikampeleka kwa mganga wa mbali, juu ya lori la samaki, kwenye jua. Alitapika njia nzima. Mganga akamchanja kwa wembe aliowachanjia wengine, na mimi nimekaa pembeni namshikia kofia. Ningempeleka hospitali wasingemponya, wakati ule hawakuwa na dawa, lakini wangemlaza kitandani na kumpa maji. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, na silitaji kwenye pombe ya rubisi. Wewe utaishi miaka mingi na watu wa kila namna huko uendako. Mtu akikuambia anajua kwa hakika kinachokuumiza, na hakutumia chochote ila sauti yake, hata kama mtu huyo ni mimi, mwambie asante, uende kupimwa.

Habari ya kifo ilinikuta mgodini, imeletwa na dereva wa lori la kahawa. Siku hiyo ndiyo tuliyokuwa tunachoma lubugo. Lilikuwa limechakaa, mistari imejaa, na hesabu yetu ilikuwa kwamba humo ndimo ilimo dhahabu ya kiburi ya miezi yote. Lilikuwa juu ya kuni, Magesa ameshika kiberiti. Dereva akasema alichokuja kusema. Magesa akauliza:

"Deo, huko kwenu mtu anazikwa na nini?"

"Na lubugo."

"Lipo?"

Aliyekuwa anayatengeneza ndiye aliyelala, na bandani kwake niliacha vigingi vya kutundikia vitupu wiki iliyotangulia nilipomtembelea. Alikuwa amewavisha wote, na lake halikubaki.

Magesa akalitazama lile la juu ya kuni. Akarudisha kiberiti mfukoni.

"Kunja."

"Nusu ni yako, Magesa."

"Basi nusu yangu imfunike miguu. Kunja, bwana, lori linachelewa. Lina harufu ya sangara, atatusamehe."

Tulipofika hapa, mwanangu, nyumba ilikuwa na watu, lakini wote wako mbali. Wamesimama kwenye migomba, wanaume wazima, wamekunja mikono. Waliogopa kumgusa. Wewe ulikuwa mdogo, umekaa mlangoni na mama yako. Ndani hakukuwa na mtu wa kumwinua. Mimi na Magesa wawili, na jeneza lilihitaji zaidi. Basi nikalitoa lubugo nje, nikalikunjua juani ili kila mtu aone. Likametameta. Kama ni dhahabu, au ni yale mawe ya sonara yanayonuka, hata leo siwezi kukuapia. Nikasema kwa sauti yangu yote: "Projesti anazikwa na dhahabu! Humu ndani kuna dhahabu ya ukubwa wa ngumi!"

Wakasogea, mmoja, halafu mwingine. Walitaka kuona, kisha wakaona aibu kurudi nyuma, wakashika. Baba yako akapata watu wa kumbeba. Shangazi yako alikuwa wa kwanza kuligusa lubugo lile, ndiyo maana halali usingizi mpaka leo.

Hiyo ndiyo asili ya ngumi ile. Nilipaswa kuizika siku ile ile pamoja naye, lakini wewe unanijua. Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu, mama yako naye akaenda, tukamzika kwa shuka, na mimi nikawa sina cha kuzungumza ambacho watu wanaweza kukisikiliza bila kulia. Nikazungumza dhahabu. Mtu akinimiminia rubisi, inakua. Imekuwa kichwa cha mtoto. Kijiweni Kanazi sasa ina uzito wa debe. Nimeinywea bure miaka yote hii, mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kupata faida ya mgodi ule. Na ile miaka uliyokaa nyumbani ukichuma kahawa kwa sababu sikuwa na ada, nilikuwa naondoka hapa jioni kwenda kusimulia utajiri wa baba yako, na wewe unanisikia kutoka jikoni. Nilikuwa sifikiri kwamba unasikia.

Kwa hiyo, ni kiasi gani? Sijui, Kemilembe. Tulilisuuza mara nyingi, kilichobaki ni kile kilichokataa. Inaweza kuwa kama chembe ya ulezi. Inaweza kuwa zaidi. Wewe huko chuoni utafundishwa kukokotoa, utajua ni kiasi gani kinaweza kubaki kwenye nyuzi za gome.

Shangazi yako si mbaya. Anataka uwe na kitu mkononi, na mimi nimempa sababu ya kuamini kwamba kitu kipo. Kaburi ni la baba yako, wewe ndiye mtoto wake, na sasa u mtu mzima, sitajificha tena nyuma ya ng'ombe. Ukisema tufukue, nitachimba mwenyewe, sitaacha mtu mwingine ashike jembe. Tukikuta chembe, mimi ni mwongo. Tukikuta ngumi, mimi ni mtu aliyekuacha ukichuma kahawa bure. Yote mawili naweza kuyabeba, nina mabega. Lakini vyovyote itakavyokuwa, Kemilembe, lazima tuchome lubugo ili tuipate, na kaka yangu atabaki hana nguo.

Barua hii nitaiweka chini ya kikombe chako. Kama unataka nichimbe, njoo uniamshe alfajiri, kuna muda kabla ya lori la kwenda mjini. Kama hutaki, pita tu mlangoni kwangu, niache nilale, tutaonana kwenye lori. Utanisikia nakoroma. Usidanganyike, nitakuwa macho.

Baba yako mdogo,
Deo